Mwalimu Truphosa Adero Khaemba, Silva Zake, na Neno Alilotuachia

Wachungaji wetu, wazee, walimu waliofundisha na marehemu, majirani wa Turi, Molo na Elburgon, wakwe zetu mliotoka Olenguruone kabla jua halijachomoza, na nyinyi nyote mliovumilia baridi hii ambayo marehemu aliilalamikia maisha yake yote na bado akakataa kuhama, familia inawaambia asante kwa kuja. Anayewasomea ni Jeff Owino, kitinda mimba wa nyumba ya Mzee Zakaria Owino, mdogo wake marehemu, na sauti ikimkatika njiani mtamvumilia, kwa sababu aliyelala hapa mbele ndiye aliyemfundisha kusoma, na alikuwa hataki kabisa kusikia mtu anasoma huku anameza maneno.

Jambo moja familia inaomba mlijue mapema. Marehemu alikuwa na neno la kumwambia mtu mmoja, naye ni Chepkemei, mke wa mwanawe Quincy, na alitaka kulisema mbele ya watu, si chumbani, si kwa simu. Amefariki hajalisema. Alituachia sisi tulifikishe, na leo tutalifikisha, lakini ni lazima kwanza mwelewe lilitoka wapi, kwa hivyo mtukubalie tuanze pale alipoanzia yeye.

Mwalimu Truphosa Adero alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba za reli mjini Nakuru, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu Mzee Zakaria Owino na marehemu Mama Dorka. Mzee wetu alikuwa akihudumu katika behewa la chakula, kwenye treni iliyopanda kutoka Nairobi ikapita Nakuru kuelekea Kisumu, na alikuwa na koti jeupe lenye vifungo vinavyong'aa ambalo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kulishika. Akiwa nyumbani alitupangia mkeka kama meza ya treni, uma kushoto, kisu kulia, kijiko juu, halafu Mama akaleta ugali na omena, na sote tukala kwa mkono kama Wajaluo wenye akili timamu, uma zikitutazama tu. Watoto wengine tulicheka mpaka tukachapwa, lakini Truphosa hakucheka, yeye alikuwa akinyoosha kijiko kilichokaa kombo.

Siku moja alimuuliza Baba kwa nini vijiko vya treni vinabadilika rangi na kuwa vya manjano pale vilipochakaa, Baba akamweleza kwamba vile vimepakwa silva, yaani madini ya fedha, juu juu tu, ndani ni madini mengine, lakini viko vijiko ambavyo ni silva mpaka ndani, na hivyo mtu huvitambua kwa kuvigeuza, kwa maana nyuma ya mpini vimepigwa mihuri midogo sana, mmoja wao ukiwa simba anayetembea. Mtoto wa miaka saba akaambiwa kuna simba mgongoni mwa kijiko! Wacha tu. Tangu siku hiyo hakuna nyumba aliyoingia, iwe ya mchungaji, ya chifu au ya shangazi, ambayo hakugeuza vijiko vyake, na Mama alimfinya kwa tabia hiyo mara nyingi bila mafanikio.

Alisoma shule ya msingi mjini Nakuru kuanzia mwaka wa 1958 hadi 1965, kisha akajiunga na shule ya upili ya wasichana papa hapa Nakuru kuanzia 1966 hadi 1969, na mwaka wa 1970 akaingia chuo cha ualimu mjini Kericho, ambako alihitimu Desemba 1971 katika somo la sayansi ya nyumbani. Januari 1972 alitumwa kufundisha Molo, akafika na sanduku moja na sweta mbili, na wanafunzi wake wa kwanza, ambao leo ni nyanya za watu na tunawaona wamekaa pale mbele, wanakumbuka kwamba kabla hajawafundisha kupika chochote aliwafundisha kuandaa meza, hata kama cha kuweka mezani ni viazi. Alihamishiwa Nakuru mwaka wa 1983, akapandishwa kuwa mwalimu mkuu katika shule moja ya Elburgon mwaka wa 1994, na akastaafu tarehe 31 Machi 2006, akiwa hajawahi kuchelewa gwaride hata siku moja, na akiwa hajamsamehe yeyote aliyechelewa.

Kule Molo ndiko alikopata kijiko chake cha kwanza. Miaka ile masetla waliobaki walikuwa wakiuza mashamba na kuondoka, na kila mara palikuwa na mnada, vitanda, matrela, vyombo, vyote vimemwagwa uwanjani. Jumamosi ya tarehe 9 Novemba 1974 Truphosa alikwenda mnadani kutafuta kabati la nguo, akarudi bila kabati, akiwa amebeba sanduku la visu vyenye kutu ambalo hakuna mwingine aliyelitaka, na walimu wenzake wakamcheka njia nzima. Ndani ya sanduku lile mlikuwa na kijiko kimoja kikubwa, cheusi kama sehemu ya chini ya sufuria. Hakukisugua kwa kitu kikali. Alisaga chaki ya ubaoni, akailowesha maji, akachukua fulana kuukuu, akapangusa polepole, na alipokigeuza simba akatokea, mdogo kama punje ya mtama, ameinua mguu mmoja. Alituambia alilia peke yake jikoni, na alisema alilia kwa sababu Baba alikuwa ameshafariki mwaka mmoja nyuma na hakuwa na wa kumwonyesha.

Kuanzia hapo alikuwa mtu wa silva mpaka mwisho. Mwenye shamba la viazi alipochimbua uma shambani alimletea, fundi aliyenunua meza ya zamani akakuta kijiko cha haradali kwenye droo alimletea, na yeye alimwambia kila mmoja wazi kwamba hii ni silva ya kweli, akaonyesha mihuri, huu simba, huu kichwa cha chui maana yake kilitengenezwa London, hii nanga ni Birmingham, hii herufi ni mwaka, ili mtu asije akasema mwalimu alimlaghai. Hapo Molo palikuwa na hoteli ya Mama Muturi, Mungu amrehemu, ambaye alikuwa akipakua githeri kwa upawa wa silva wa zaidi ya miaka mia moja bila kujua, na alipoambiwa hakushtuka hata kidogo, alisema simba au si simba, upawa huu ndio kipimo chake, wateja wameuamini, akibadilisha watasema Mama Muturi ameanza kupunja. Basi Truphosa akaanza kutafuta upawa mwingine unaobeba kiasi kilekile, Nakuru, Njoro, Gilgil, anajaza maji, anamimina, anapima, miezi ikapita, na alipoupata wakaupimia hotelini mbele ya wateja wote, tone kwa tone, ndipo Mama Muturi akakubali kubadilishana. Wateja walipiga makofi.

Alikuwa na vitu ambavyo hata kuvitaja ni kazi. Alikuwa na kisu kipana cha kupakulia samaki, ambacho kilipakulia ngege wa Baringo kila Jumapili, na koleo ndogo ya sukari yenye kucha za ndege, na kijiko kimoja chembamba kilichotengenezwa mahususi kwa kuchokolea uboho kwenye mfupa. Hicho cha uboho alikitia kwenye mkoba, na kila tuliposimama Kikopey kula nyama choma alikitoa, akakipangusa, akachokoa mfupa kwa heshima zake zote katikati ya moshi na makelele, mpaka wachinjaji wakamzoea na kumwekea mifupa minono. Msichana mmoja wa pale alimuuliza, mathe, hiyo ni ya daktari? Alicheka siku hiyo mpaka akatoa miwani.

Tarehe 18 Desemba 1976 Truphosa alifunga ndoa takatifu na marehemu Festus Khaemba, aliyekuwa msimamizi wa kiwanda cha mbao Elburgon, Mbukusu mpole, mtu wa maneno machache, ambaye posa yake haikuwa na mashairi, ila alimtengenezea kabati la droo kwa mikono yake mwenyewe, ndani akabandika flaneli ya kijani, kila kijiko na kitanda chake. Mungu aliwajalia watoto wawili, Nangila aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1978, na Quincy aliyezaliwa tarehe 20 Oktoba 1982. Walinunua shamba hili la Turi mwaka wa 1988 na kuhamia hapa, na ni hapa Festus alipozikwa tarehe 13 Septemba 2003, na ni kando yake tutakapomlaza mkewe leo. Wameacha wajukuu watatu.

Msidhani silva zile alizifungia zikalala. Sheria ya nyumba ile ilikuwa kwamba kijiko ni cha kulia, na mgeni wa mwisho kufika anakula kwa kijiko kizuri sawasawa na wa kwanza. Arusi ngapi hapa Turi zimekatiwa keki kwa visu vyake? Walioazima hatutawataja, mnajijua, na mlirudisha. Lakini kulikuwa na sheria ya pili, nayo ni kwamba kuosha ni kwake peke yake, maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, chaki na fulana, hakuna mwingine kushika. Watoto wake walikuwa wakiijua sheria hiyo tangu utotoni, kwa hivyo haikuwahi kutamkwa, na jambo lisilotamkwa mgeni atalijuaje?

Tarehe 16 Aprili 2011 Quincy alimwoa Chepkemei, binti wa marehemu Mzee Kosgei na Mama Jerotich wa Olenguruone. Mwaka ule kidonda cha machafuko ya uchaguzi ya 2008 kilikuwa bado hakijakauka katika sehemu hizi, sote tunajua, na kuna waliosema ndoa ile haitafika popote, lakini Truphosa aliwanyamazisha, alisema yeye mwenyewe ni Mjaluo aliyeolewa na Mbukusu akaishi Molo, na nyumba yake haina mlango wa kabila. Hayo aliyasema na aliyaamini. Ndiyo maana yaliyofuata yalituuma sana.

Tarehe 26 Desemba 2011 marehemu aliita watu chakula cha mchana, mchungaji, walimu wenzake, wazee wa kanisa akiwemo Mzee Waithaka, na jirani yake wa boma la pili Joan Wangui. Wakati yeye yuko kanisani, Chepkemei, mke mgeni anayetaka mama mkwe wake ajue amepata binti wa kazi, alitoa silva zote kwenye droo, akazipeleka nyuma ya jikoni, akakunja mikono ya blauzi, akazisugua. Alitumia waya ya sufuria, na juu yake mkaa laini mweusi aliokuja nao kutoka kwao, umefungwa kwenye kitambaa. Alisugua asubuhi nzima, mbele na nyuma, mpaka vikang'aa ungejiona uso. Vijiko vile vilikuwa vya zamani, mihuri yake ilikuwa imekwisha kufifia kwa kuliwa na miaka, na mkaa na waya vikamaliza kilichobaki.

Truphosa aliingia na wageni, akavua kofia, akafungua droo. Akachukua kile kijiko cha 1974 akakigeuza. Akachukua kingine akakigeuza. Akavigeuza vyote, kimoja baada ya kingine, na hakuna aliyeelewa ni nini, mpaka alipomtazama Chepkemei aliyesimama mlangoni akitabasamu, akisubiri kuambiwa asante, akamwambia, "Mtu aliyelelewa na kibuyu atajuaje kijiko?"

Wengine walicheka, wakidhani ni mzaha. Wengine waliangalia viatu vyao. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na dada yetu, aliyewafundisha watoto wa watu adabu ya meza kwa miaka thelathini na zaidi, alijikwaa ulimi mbele ya meza yake mwenyewe. Kama angesema umeniharibia vitu vyangu, hilo lingekuwa la mama na mtoto, lingepita. Lakini alitaja malezi, akataja kibuyu, chombo cha maziwa cha kwao, akamrudisha binti wa watu kwa watu wake, na hapa kwetu sote tunajua uzito wa neno kama hilo. Chepkemei alipakulia wageni wote, akaosha vyombo vyote, akafunga jikoni, akaondoka bila kuweka tonge mdomoni.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu siku hiyo. Hakununa, hakuzuia watoto kuja kwa nyanya yao, Krismasi alikuja, Pasaka alikuja, akapika na kupakua, akasema Mama habari ya afya, lakini katika nyumba ile hakula tena, wala chai, wala maji. Ukimkaribisha anasema ameshiba. Truphosa alikuwa akimwekea sahani kila mara, na kila mara sahani ile ilirudi jikoni kama ilivyotoka, na hakuna chakula kilichomkaa kooni dada yetu kama kile ambacho mwingine hakukila.

Mzee Kosgei, baba yake Chepkemei, alipofariki Agosti 2019, marehemu alikwenda Olenguruone kwa mazishi, akipelekwa na huyu anayesoma. Baada ya kuzika aliingia jikoni kumpa pole Mama Jerotich, akamkuta na wanawake wenzake wanatayarisha vibuyu vya mursik, maziwa ya mgando ya kwao, na ndani ya kibuyu wanapaka mkaa laini mweusi wa mti wanaouita senetwet. Truphosa akautazama mkaa ule, akaujua kuwa ndio uleule uliobaki kwenye kitambaa nyuma ya jikoni kwake. Akauliza ni wa nini. Mama Jerotich akamweleza kwa upole kwamba sufuria huoshwa kwa sabuni kama kila mahali, lakini mkaa huu ni wa chombo cha maziwa tu, chombo anachopewa mgeni wa heshima, na kwamba Chepkemei alipoolewa alimfungia kiasi kwenye kitambaa aende nao kwa mama mkwe wake. Dada yetu alitafuta kiti akakaa. Wakati wa kurudi, tulipofika Molo, alisema, "Jeff, yule mtoto alinipa heshima ya kwao, na mimi nikamtukana kwayo mbele ya watu."

Januari 2020 alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Quincy kule Lanet, akamwomba Chepkemei msamaha wakiwa wawili sebuleni. Chepkemei alimshika mkono, akamwambia, "Mama, mimi nimekusikia, na sina kinyongo. Lakini lile neno hukuniambia tukiwa wawili. Wale watu waliondoka nalo, na mpaka leo nikikutana nao sokoni ninajua wako nalo." Truphosa alirudi akatuambia mtoto ana haki, na hata kwao na hata kwetu ndivyo ilivyo, tusi la mbele ya watu huondolewa mbele ya watu. Aliapa atawaita watu walewale, meza ileile, aliondoe tusi lile.

Jamani, kwa nini hakufanya mara moja? Kwanza ilikuja korona, watu wakakatazwa kukusanyika. Kisha goti lake likafanyiwa upasuaji. Na tusifiche, kwa sababu angekuwa hapa angetukemea kwa kuficha, kulikuwa na kiburi pia, kiburi cha mwalimu mkuu aliyesahihisha watu maisha yake yote na sasa anatakiwa kusimama asahihishwe. Alipanga, akaahirisha, akapanga tena. Mwisho akaweka tarehe, Jumapili ya Matawi, tarehe 13 Aprili 2025, akawapigia simu mmoja mmoja, wote waliokuwapo na ambao bado wako hai, wakakubali kuja, na alitusomea jikoni atakayosema, tukamwambia ni marefu mno, akasema basi atasema matatu tu.

Alhamisi ya tarehe 10 Aprili asubuhi, akiwa anatoa vijiko kwenye droo ili avipanguse, alipigwa na kiharusi. Joan Wangui alimkuta sakafuni akaita gari, na alilazwa hospitalini Nakuru. Mkono wa kulia ulikufa, mguu wa kulia ukalegea, na maneno yakaondoka yote isipokuwa moja. Madaktari walitueleza kwamba huwa hivyo, kwamba akili iko na inaelewa kila kitu, lakini njia ya kutolea maneno imezibwa, na mgonjwa hubaki na neno moja linalotoka kila anapotaka kusema chochote. Neno lililombakia dada yetu lilikuwa kijiko.

Aliporudi nyumbani mwezi wa Mei, ni nani aliyehamia hapa kumtunza? Si Nangila, aliyezuiliwa na kazi mbali na aliyefanya yote awezayo, na si sisi ndugu. Chepkemei aliomba ruhusa kazini, akaja na begi lake, akamwosha, akamgeuza kitandani, akamlisha uji kwa kijiko cha plastiki cha mtoto kwa sababu cha chuma kilimgonga meno. Na Truphosa alikuwa akimtazama, anavuta pumzi, machozi yanamtoka, anajikaza mpaka mishipa ya shingo inasimama, kisha anasema kijiko. Chepkemei anakimbia kuleta kijiko. Anatikisa kichwa, siyo, siyo, anajaribu tena, kijiko. Sisi tuliokuwa tukijua alilotaka kusema tulitoka nje, hatukuweza kuangalia. Tulimwambia tumsemee, papo hapo chumbani, akakataa kwa kichwa kwa hasira, akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea dirishani, nje, kule watu walipo. Tulielewa.

Tulitaka kuwaita watu nyumbani Desemba, lakini nimonia ilimshika, akarudishwa hospitalini tarehe 29 Desemba 2025, na Ijumaa ya tarehe 9 Januari 2026, saa nne asubuhi, Mwalimu Truphosa Adero Khaemba alituaga, akiwa na umri wa miaka sabini na minne, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Chepkemei. Tumepigwa, ndugu zangu. Hakuna namna nyingine ya kulisema.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Nakuru waliompigania mara zote mbili, na mtaalamu wa matamshi aliyekuja mpaka hapa Turi kwenye matope kumfundisha upya kutamka, akafundisha kwa subira ingawa mwanafunzi wake alikuwa mkali. Tunawashukuru walimu wastaafu wa Molo na Elburgon, kanisa letu, na vijana waliochimba kaburi kwenye ardhi hii ngumu. Tunakushukuru wewe Joan Wangui kwa namna ya pekee, na hili wengi hawalijui, kwamba miezi yote ile Chepkemei alipokuwa akipika katika nyumba hii na kumlisha mgonjwa, yeye mwenyewe alikuwa akivuka ua kuja kula kwako, na wewe hukuuliza kwa nini na hukumtangaza.

Sasa tumefika. Wale mliokuwapo tarehe 26 Desemba 2011, mchungaji, Mzee Waithaka, Joan, walimu, huyu anayesoma pia akiwamo, tulikubaliana jana, naomba tusimame. Mama Jerotich, tunaomba nawe usikie, kwa kuwa nawe ulitukanwa.

Chepkemei, binti ya Kosgei. Mama mkwe wako anasema haya, mbele ya watu walewale na wengine wengi zaidi. Ulimpa heshima naye akakurudishia matusi. Neno alilosema juu ya malezi yako lilikuwa la uongo, na amelifuta, na sisi tuliolibeba miaka hii yote tumeliacha hapa, hatuondoki nalo. Hukuwa na kosa lolote. Yale matatu aliyotaka kuyasema ni haya: Nilikukosea. Nisamehe. Karibu ule.

Hatukulazimishi, mwanetu. Umeshafanya zaidi ya tulivyostahili. Tukishamzika, chakula kitakuwa ndani ya nyumba, na familia yote imekubaliana kwamba hakuna atakayeketi kabla hujaamua wewe, na ukisema umeshiba, tutakuelewa.

Truphosa, dada yetu, mwalimu wetu, tumelisema, na tumejitahidi tusimeze maneno. Lala sasa kando ya Festus wako, upumzike kwa amani.